Macho Kwenye Miche ya Alandiso

Jani lilikuwa na jicho.

Alandiso aliliona asubuhi, umande haujakauka, alipochutama kwenye kitalu chake cha mpunga nyuma ya nyumba kung'oa magugu. Jicho lenyewe dogo, limechongoka huku na huku, kijivu katikati, ukingoni kahawia. Alilisugua kwa kidole gumba akidhani ni tope. Halikutoka. Akaangalia jani la pili, akaangalia la tatu, na kote akakutana na macho.

"Kamtazame aliyekutuma," aliliambia lile jani, akalinyofoa na kulikanyaga.

Ndivyo alivyokuwa Alandiso, mdomo mbele. Lakini mdomo wote ule ulikuwa wa mambo mengine. Kwa habari ya mpunga, mwanamke wa Kijola wa upande wetu wa Enampor hufunga kinywa. Mume ana ghala lake, mke ana lake, na Atabo, mumewe Alandiso, hakuwahi hata siku moja kuchungulia darini mwa mkewe. Ukimwuliza mwenzako mpunga wake u hali gani umemvunjia heshima, na ukimwonyesha wako unaumwa umejivua nguo mwenyewe. Isitoshe, mbegu ile haikuwa mbegu ya hivi hivi. Alikuja nayo kichwani siku aliyoolewa. Mama yake aliipata kwa mama yake, na yule kwa wake, na sasa mama amezikwa, yeye mwenyewe hana ndugu wa kike, na yote yaliyobaki ya mama duniani ni miganda ile darini na miche hii kitaluni. Ikifa, amekufa mama mara ya pili.

Kwa hiyo hakumwambia mtu. Alifanya ambalo yeyote kati yetu angefanya: mpunga ukinyong'onyea, unaulisha. Alibeba samadi ya ng'ombe, akabeba majivu ya jikoni, akamwaga, akarudi akabeba tena. Na miche ikanona! Ikawa kijani ya kuteleza, laini, myororo, yaani ya kutia wivu. Na macho yakazidi.

Halafu mama mkwe akaacha kufoka.

Ee, wewe cheka. Kama hukumjua Asenkema huwezi kuelewa. Bibi yule alikuwa akiamka na neno na kulala na neno. Supu ina chumvi, supu haina chumvi, kuni mbichi, mtoto wa watu kalala mpaka jua limetoka. Nyumba yao ilikuwa ile ya duara, vyumba vimeshikana kuzunguka ua mdogo wa ndani, paa lina tundu katikati ambamo mvua humwagikia kwenye karo. Na kati ya chumba na chumba kuna kijimlango, ili watu wapeane moto na chakula bila kulowa. Kupitia vijimlango hivyo sauti ya Asenkema ilikuwa ikizunguka nyumba nzima. Sasa ikakatika.

Alandiso alimpelekea wali na samaki wa kukaanga kwa mafuta ya mawese. Bibi alikuwa amekaa kitandani, amejifunika kanga zake zote, nguo juu ya nguo, mpaka shingoni.

"Mama, samaki ameungua kidogo upande mmoja," Alandiso alisema, akisubiri tusi.

"Hakuna neno, mwanangu," Asenkema alijibu, na sauti ilikuwa tamu. "Mimi mzima kabisa. Niongezee tu."

Akaongezewa. Akala, akaomba tena. Mashavu yalikuwa yamejaa, ngozi inang'aa. Lakini chumba kilinuka uvundo, ile harufu ya mkeka ulionyeshewa ukakunjwa mbichi, na chini ya zile nguo kulikuwa na kitu kilichopumua kwa mpigo wake wenyewe. Asenkema alivuta pumzi, kile kikatoa. Asenkema alitoa; kile kikavuta. Alandiso aliweka sahani chini polepole akatoka kinyumenyume.

"Atabo," alinong'ona jioni ile, "mama yako hafoki."

"Si ndiyo raha? Umelia miaka yote juu ya huo mdomo."

"Ndani ya zile nguo hayuko peke yake."

"Acha hayo, mke wangu. Mama amenenepa, anakula. Mgonjwa anakula hivyo?"

Chumba kilichofuata baada ya cha bibi kilikuwa cha Ekabay, mdogo wake Atabo, mgema. Huyu naye alikuwa mtu wa kelele za aina yake: kila akishuka mchikichini na kibuyu cha tembo lazima amtanie shemeji yake. "Shemeji, onja, labda leo utaniona mzuri kuliko kaka." Mchana mmoja mvua ilikuwa imekaza, Alandiso anatwanga uani chini ya paa, akasikia kitu ukutani mwa Ekabay, upande unaopakana na bibi. Kwanza kilinata. Mlio wa kiganja chenye maji kikibandikwa ukutani kisha kisibanduke. Halafu kukawa kimya, na kimya kile kilikuwa kinasukuma, kwa maana udongo wa ukuta ulianza kulia taratibu kama gunia linaloshindiliwa, ukalia, ukalia, naye ameshika mchi hewani hathubutu kuushusha, mpaka pakatoka mlio mdogo, tik, mdogo kuliko wa ganda la karanga, na kule kulia kukaisha.

"Shemeji Ekabay?" aliita. "Uko ndani?"

"Nipo, shemeji."

"Kuna nini humo?"

"Hakuna neno. Mimi mzima kabisa."

Hakutania. Hakutoka kwenda kugema siku ile wala iliyofuata. Aliomba nguo ya kujifunika, akaomba chakula.

Asenkema alikufa asubuhi, mvua imepumzika. Walipoingia walikuta shingo imevunjika na kulala begani, mwili uliokuwa umejaa jana umebaki ganda, mwepesi, rangi ya majivu, na zile nguo zake zikiwa bado zimesimama zenyewe kulizunguka umbo ambalo halimo. Walipozigusa zilitoa vumbi la kijivu. Likapaa, likatoka kwa tundu la paa. Atabo alimlilia mama yake kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake.

Sasa kwetu maiti haendi kaburini kabla hajaulizwa. Unamlaza kwenye machela, wanaume wanne wanambeba, na mtu mwenye haki hiyo anamwuliza nini kilichomuua. Machela ikienda mbele ni ndiyo, ikirudi nyuma ni siyo. Aliyeuliza alikuwa bibi Kuyinumba, mtunza tambiko la wanawake, mfupi, mkavu, hana haraka. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Leontina, binti wa mwisho wa marehemu, alikuwa amefika kutoka mjini Ziguinchor, ambako anafanya kazi kwenye kituo cha magonjwa ya mimea. Alisimama karibu na wifi yake, macho mekundu.

"Asenkema," Kuyinumba alisema, "ni siku yako tu iliyofika?"

Machela ikarudi nyuma.

"Kuna mtu amekufanyia uchawi?"

Nyuma.

"Kuna tambiko tumelikosea?"

Nyuma, kwa nguvu, hata mbebaji mmoja akajikwaa.

Kuyinumba akaishiwa maswali. Alandiso yeye alikuwa na swali moja ambalo mwanamke haulizi mbele za watu. Angeweza kumeza mate akanyamaza. Wangemzika Asenkema, wangerudi ndani, na Ekabay angeendelea kuomba chakula. Alimwona Atabo ameshika machela, maana mtoto mkubwa hubeba mbele, na akafikiri: nyumba ni duara; baada ya chumba cha Ekabay ni changu, anamolala Atabo, na baada ya changu ni cha Asenkema.

"Mama," alisema, sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, "ni kitu kilichomo kwenye mpunga wangu?"

Watu waliguna. Mwanamke mmoja alijiziba masikio.

Machela ikaenda mbele. Haikwenda, iliruka! Iliwaburura wale wanaume, ikavuka uwanja, ikaingia mlango mkubwa wa nyumba, ikazunguka karo, na miti yake ikagonga mlango wa chumba cha Alandiso. Ikarudi, ikagonga. Ikarudi, ikagonga tena, mpaka ubao ukapasuka.

"Hata akifa anafoka," mzee mmoja alisema nyuma.

Hapo ndipo Alandiso alipolia. Alimlilia Asenkema na ule mdomo wake, na alilia kwa aibu, maana kumbe siku zote jambo lile lilikuwa juu ya kichwa chake, darini, likishukia kwa watu wa watu, na yeye anakaa kimya asije akasemwa.

Walipotoka makaburini Leontina alimshika mkono. "Wifi, nionyeshe kitalu chako."

"Hakionyeshwi."

"Umeshasema mbele ya kijiji chote. Umebakiza nini?"

Alimwonyesha. Leontina alitoa lenzi mfukoni, akapiga magoti matopeni na gauni lake la msiba, akatazama jani muda mrefu. Kuyinumba alikuwa amewafuata akasimama nyuma yao.

"Hiki si kidonda," Leontina alisema kwa sauti ya chini. "Ni makazi ya mtu. Ni kuvu, wifi. Anakuja akiwa vumbi. Anatua juu ya jani bichi, anajigandisha kwa gundi yake mwenyewe. Halafu anakunywa maji, anavimba, anabana, anajikaza kupita upepo wa tairi la lori mara nyingi, mpaka anatoboa ukuta kwa msumari mmoja."

"Nimemsikia," Alandiso alisema.

"Umemsikia wapi?"

"Endelea."

"Jani limejengwa kwa vijumba vidogo vidogo, seli. Kila kijumba kina ngozi laini ndani ya ukuta. Akiingia, haichani ile ngozi. Anaisukuma taratibu, inamzunguka, anajivika. Hapo kijumba hakina habari. Kinapika chakula kama kawaida, yeye anakula, na anakinong'oneza kisipige kelele. Kizima kabisa, ukikitazama. Na kati ya kijumba na kijumba kuna vijimlango vya kupeana chakula..."

"Anapita humo humo," Kuyinumba alisema.

"Humo humo, bibi. Chumba baada ya chumba. Akishashiba ndipo anaua vyote, jicho linafumbuka, na ndani ya jicho anapuliza vumbi jingine. Mpunga ukichanua, anavunja shingo ya suke."

Waliangalia nyumba, wote watatu kwa pamoja.

"Na samadi?" Alandiso aliuliza.

"Ulimwagia?"

"Kila siku."

"Ulikuwa unamnenepesha yeye, wifi yangu."

"Yaani nimempikia!" Hasira ilimpanda, na ilimfaa kuliko aibu. "Hakuna mpunga unaomshinda? Wote unakaa tu unaliwa na kushukuru?"

Leontina alisita. "Kuna mbegu zenye kiburi. Mgeni akipiga msumari wake tu, kile kijumba kinamtambua. Hakimsubiri. Kinaziba vijimlango vyake, kisha kinajiua chenyewe na yeye yumo ndani. Anabaki kwenye nyumba ya maiti, hana cha kula, anafia humo. Jani linapoteza kijumba kimoja."

"Kimoja tu."

"Kimoja tu. Ila ni lazima kiwahi."

Kuyinumba alitema mate pembeni. "Binti wa Asenkema amekwenda kusoma mbali habari za nyumba ya mama yake. Huyo kuvu ndiye jini wetu: kamba zake zote za kupenya vyumbani zinashikwa na mzizi mmoja, na maiti ametuonyesha uliko. Alandiso, chumba ni chako. Mimi siwezi kukuambia uchome. Hilo neno ni lako mwenyewe."

"Nachoma," Alandiso alisema.

Atabo alipoambiwa alikaa chini. "Unataka kuchoma nyumba ya baba yangu?"

"Chumba kimoja."

"Paa ni moja! Makuti hayajui chumba chako na changu!"

"Ndiyo maana nakuomba wewe na wenzako mkate paa kushoto na kulia, mtoe makuti mpaka mbingu zionekane. Na mzibe vijimlango vyote viwili kwa udongo. Mikono mnayo, kajando za kulimia mnazo. Au mnazibeba kwa urembo?"

"Alandiso, mimi nimemzika mama leo."

"Na kesho utamzika Ekabay, halafu mimi, halafu utabaki umekaa humo umejifunika, unaniita niongeze wali, na mimi nimekufa. Nenda kamtazame mdogo wako. Nenda!"

Atabo alikwenda. Alikaa mlangoni kwa Ekabay, akamtania, akamtusi kwa mzaha, akamkumbusha siku alipoanguka mchikichini suruali ikabaki juu. Ekabay alitabasamu, akasema hakuna neno. Atabo alirudi amebadilika uso, akachukua kajando, lile jembe refu la kulimia mabonde, akaanza kukata udongo. Wanaume wengine wakamfuata.

Walipokuwa juu ya paa wakirusha makuti chini, Atabo alimwita mkewe. "Angalau toa mbegu ya mama yako. Mganda mmoja. Huenda uko mmoja ambao hajaugusa."

Wallahi, shetani hupita kwenye huruma. Neno lile lilimwingia Alandiso. Aliwaza: mmoja tu. Akachukua ngazi, akapanda darini mwake, mchana kweupe, huku watu wanapiga kelele nje na mvua ya rasharasha imeanza.

Ndani ya dari kulikuwa giza na joto la kitu kilicho hai, na ule uvundo ulikuwa mzito kiasi kwamba aliuonja mdomoni kabla ya kuunusa, na alipoinua mkono kutafuta miganda ya mama yake aliyoipanga mwenyewe kwa mikono yake, iliyokuwa mikavu inayokwaruza, alishika kitu laini chenye unyevu, kilichojaa, kilichofungwa ndani ya majani ya mpunga kama mtoto anavyofungwa nguoni, na kile kitu kilijikunyata chini ya kiganja chake kisha kikatulia, na miganda yote, ukuta hadi ukuta, ikavuta pumzi kwa pamoja, ikakaa nayo, ikaishusha, na kutoka katikati yake ikaja sauti ambayo hakuisikia tangu alipoifukia udongoni kwa mkono wake.

"Alandiso, mwanangu. Funga mlango, baridi inaingia."

Ilikuwa sauti ya mama, na kule kukohoa kwake kidogo mwishoni.

"Mama?"

"Wameziba milango ya nini? Mimi sijagombana na mtu. Niache nikae, mwanangu. Nakula kidogo tu. Mbegu yako nitakutunzia, itakuwa kijani kila mwaka, wanawake watakuonea wivu. Na humu ndani hakutakuwa na makelele tena. Watu watanenepa. Watapendana. Nani atakufokea?"

Alandiso alishika ngazi. Nami sitamsingizia ushujaa ambao hakuwa nao. Alitaka kusema ndiyo. Alitaka mama yake akohoe tena.

"Na baadaye?" aliuliza.

Miganda ikavuta pumzi, ikakaa nayo.

"Nakuuliza, na baadaye? Ukishashiba?"

"Mimi ndiye mama yako. Ukinichoma mimi umemchoma yeye."

"Mama yangu," Alandiso alisema, na sasa sauti ilianza kumrudi, kutoka tumboni huko ambako mdomo wake wote ulikuwa unatokea, "mama yangu hakuwahi kuniomba ninyamaze. Umevaa nguo zake tu, mwizi wee! Na yule uliyemmaliza chumba cha pili alikuwa ananifokea kila siku ya Mungu, samaki umeunguza, kuni umelowesha, nami nazitaka kelele zake. Nazitaka zote! Huna hata moja ya kunipa."

Kile kitu kilisogea. Alihisi vidole vya baridi vikimnata kwenye kifundo cha mguu, vikibandika, vikianza kubana. Aliurusha mguu, akaacha ngozi yake pale, akaanguka na ngazi mpaka chini. Alitoka uani mikono mitupu. Atabo alimtazama mikono, akaelewa.

"Zibeni na huu mlango wa uani," Alandiso alisema. "Acheni tundu la kupitisha mwenge."

Waliziba. Leontina alileta mafuta ya mawese, Atabo akayamwaga kutoka juu ya paa, yakashuka kwenye makuti yaliyokaushwa na moshi wa jikoni miaka na miaka. Kuyinumba alishika mwenge akampa Alandiso, maana mwenye chumba ndiye anayechoma chumba chake.

"Bado unaweza kuacha," bibi alimwambia kwa sauti ya chini.

"Bibi, niondokee njiani."

Moto ulipokamata, ndani mle kukaanza kuitwa. Aliitwa kwa sauti ya mama yake, akaitwa kwa sauti ya Asenkema ile tamu ya siku za mwisho, kisha sauti nyingi zikachanganyika. Kuta zilivimba. Watu waliona, mimi sisemi uongo, udongo mbichi wa vijimlango ukituna kwa kusukumwa kutoka ndani, na Atabo na wenzake wakaweka migongo yao pale na miguu kwenye ukuta wa pili, wakasukuma huku wanapiga kelele, na udongo ukiwachoma migongo. "Sukuma!" Alandiso alikuwa akipaza sauti. "Msimwachie! Na wewe humo ndani, kula sasa! Si ulikuwa na njaa? Kula majivu!" Mpunga ulipasuka kwa milio midogo midogo, mpunga wa bibi zake wote, na kila mlio aliusikia, na hakuondoka mlangoni mpaka nyusi zikamwungua.

Halafu kilio kimoja kirefu, chembamba. Halafu paa la chumba likaanguka ndani, na mvua ikaingia.

Upande wa pili Ekabay alikuwa anatapika maji ya kijivu. Alitapika mpaka akabaki mifupa na macho. Alipoweza kusema, alimtazama Alandiso, nyusi hana, uso masizi matupu, akasema kwa shida, "Shemeji, leo ndiyo kabisa sikutaki." Atabo alicheka akalia kwa pamoja.

Kitalu alikichoma vilevile, kila mche. Asubuhi yake akachukua kikapu kitupu akapita nacho katikati ya kijiji, kweupe, watu wanamwona, mwanamke wa Kijola aliyeolewa na mbegu yake kichwani anakwenda kuomba mbegu. Wengine waligeuza nyuso ili wamsitiri. Yeye hakutaka kusitiriwa. Aliwasalimia kwa majina. Kuyinumba alimpa miche kutoka shamba lake, mifupi, myekundu kwenye shina, sura mbaya, mpunga ambao wasichana huucheka.

"Huu hauna mazao mengi," bibi alimwambia. "Na una hasira."

"Mimi na huo tutasikilizana," Alandiso alijibu.

Wakaupandikiza, msimu ukiwa umekwisha kwenda. Leontina alirudi kutoka mjini mvua za mwisho zilipokuwa zinakatika. Waliingia bondeni wote wawili, maji mpaka magotini, na Alandiso ndiye aliyeona kwanza. Kwenye jani kulikuwa na doa. Dogo mno, ncha ya sindano, kahawia. Kwenye jani la jirani, jingine. Kovu la mguuni likaanza kumwasha.

"Wifi," alinong'ona. "Amerudi."

Leontina alitoa lenzi, akainama, akatazama kwa muda uliomtosha Alandiso kuiona nyumba nzima ikiwaka tena.

"Amerudi," Leontina alisema. "Kila doa ni mahali alipopiga msumari. Alibandika, akavimba, akatoboa."

"Na?"

"Na kijumba kikamfungia ndani kikafa naye. Madoa yote haya, wifi. Hakuna jicho hata moja."

Alandiso alisimama wima katikati ya mpunga ule mbaya wa sura, wenye vidoa kila jani. Upepo ulikuwa unatoka upande wa mikoko, mbichi, umebeba unyevu na kila kilichokuwa ndani yake. Aliuelekezea uso. Akajishika kiuno, akavuta pumzi, akafoka kwa sauti kubwa hata wanawake wa mabonde ya ng'ambo wakainua vichwa kutazama ni nani anayegombezwa.

"Piga tena!"

Na upepo ukaja, naye hakuupa mgongo.